Birika la Saa Tisa za Usiku

La kwanza liliungua mwezi wa Aprili.
Baba Jerono aliliinua kutoka kwenye kitako chake,
akaliweka juu ya jiko la gesi, akawasha kiberiti,
kama alivyomwona mama yake akifanya na sufuria
kule Ravine, miaka sitini iliyopita.
Plastiki ikalia machozi meusi.
Harufu ilikaa kwenye mapazia hadi Juni.

Sikumgombeza. Nilifunga gesi, nikafungua madirisha,
nikamuuliza: chai ya saa hizi ni ya nani?
Ya wageni, akasema.
Saa tisa za usiku, Kiamunyi yote imelala.

Basi nikashuka mjini kutafuta jingine.
Gichohi wa Barabara ya Gusii ana ulimi wa asali:
“Mama, chukua hili la kioo, lina taa ya buluu,
wageni watakuuliza umelitoa wapi.”
Nikamwambia, wageni wangu huja usiku wa manane
na hakuna anayewaona ila mmoja.
Akacheka. Hakuelewa.

Nikaingiza mkono mdomoni mwa kila birika:
unafika chini?
Chombo usichoweza kukisugua
kitakulisha uchafu wako mwenyewe.
Nikapima waya, uwe mfupi,
usining'inie mtu akajikwaa gizani.
Nikauliza wati. “Elfu mbili na mia mbili,
linachemka kabla hujapiga chafya!”
Na tokeni zangu pia, nikasema,
zitakwisha kabla sijapiga chafya.
Nipe lile la chuma, la elfu moja mia tano.
Kisha nikamwomba alichemshe palepale,
maji kikombe kimoja tu, tusikilize,
maana nilichokuwa nikinunua hasa ni mlio.

Tak.

Uwe mkubwa wa kunifikia chumbani, usingizini,
uniambie: limejizima, lala.

Maji ya Nakuru yana kumbukumbu ndefu.
Uliza meno yangu,
yalikuwa na rangi ya chai kabla sijaijua chai.
Wiki tatu tu, na tumbo la birika limeota ukoko mweupe
kama ufuo wa ziwa letu zamani, kabla halijafura.
Jerono alichungulia akasema, Mama, tupa, limeoza.
Halijaoza. Limekunywa tunachokunywa.
Nikakata ndimu mbili, nikachemsha,
nikaliacha mpaka kuku wakamaliza kula.
Ukoko ukabanduka wenyewe, magamba magamba.
Usikwangue kwa kisu, nikamwambia,
usilizamishe kwenye beseni,
na maziwa humo, hata kama wakwe wako mlangoni, usithubutu.

Mtungi wa gesi sasa uko stoo,
ufunguo umefungwa kwenye pindo la leso yangu.
Kila usiku namwaga yaliyobaki,
napangusa kitako kwa kitambaa kikavu,
najaza maji mapya hadi mstari wa nusu.
Birika tupu halina simile.
Na wageni huja.

Ukutani nilibandika karatasi:
WEKA HAPA. BONYEZA. SUBIRI
Asubuhi nikakuta mwalimu ameisahihisha
kwa kalamu nyekundu: nukta niliyoisahau,
na pembeni, saba juu ya kumi.

Jana nilisikia nyayo, kisha swichi,
kisha ule mngurumo wa maji yakijikusanya.

Tak.

Kijiko kikagonga kikombe, kikakoroga, kikakoroga,
muda mrefu.
Akaja amekishika kwa mikono miwili.
Hakuna majani humo, hakuna maziwa, hakuna sukari.
“Karibu,” akaniambia. “Umetoka mbali.”

Nikaketi kitandani, nikapuliza mvuke,
nikanywa.
Yalikuwa na ladha ya ndimu, kwa mbali.