Mlango wa Kushoto

Pandisha jeki pembe ya nyuma, kushoto,
kisha jaribu mlango wa dereva.
Haufunguki.
Ule mwanya wa unene wa sarafu mbili
umebana, bati juu ya bati,
maana gari lililozaliwa bila paa
hujikunja kama godoro linalopandishwa ngazi.

Hamilton, Februari. Gereji ya kupanga nyuma ya duka la mikate,
hita inakohoa kuliko inavyowaka,
na juu ya benchi maboksi mawili ya Shekue:
vyuma vya kukazia chesisi, vyekundu,
boliti kumi na nane, nati zake, karatasi ya maelekezo.
"Jumamosi moja tu. Spana na chai.
Ukilichoka unafungua, unauza vyuma,
gari linabaki lilivyotoka kiwandani."

Kitanda cha Shekue ni cha boliti.
Meza, kabati, vyote.
Amehama mara saba tangu tuje huku
na mfuko wa spana ndio anaoufunga mwisho.
Simcheki. Ncha ya pili ya kitanda hicho
niliishika mimi, mara zote saba.

Ila mwendeshaji ni mimi.
Jumapili, kwenye maegesho ya maduka yaliyofungwa,
kati ya koni za rangi ya chungwa,
sekunde hamsini na mbili na nukta nne,
nakisikia kile kisito kidogo:
usukani umeshasema, mgongo bado unafikiri.
Na boliti nimezisikia kwenye gari la Rukaya:
mwaka wa kwanza kimya,
wa pili zinanong'ona,
wa tatu tundu la duara limekuwa yai.

Bwana Anselmo akaja, kofia ya kuchomelea kwapani,
miaka thelathini na mmoja kiwanda cha chuma,
mikono imejaa vidoa vya cheche
kama mtoto wa tetekuwanga.
Maboksi hakuyatazama.
"Kuchomelea," alisema, "ni ndoa ya Kikatoliki.
Gari lisimame kwa magurudumu yake, uzito wake wote.
Nichome inchi moja huku, inchi moja kule, nipumzike.
Nikiharakisha, moto utalipinda,
na utakuwa umekaza kosa milele."

Kosa milele. Nililala nalo usiku huo,
nikageuka nalo.

Kesho yake tukang'oa viti, tukang'oa zulia.
Chumvi ya barabara, baridi kumi na tisa,
imeketi humo kama mpangaji asiyelipa.
Anselmo akagonga kwa nyundo ndogo:
ngi, ngi, ngi,
pu.

Bisibisi ikazama
kama kidole katika mkate uliolowa chai.

Boliti ingeshika nini pale?
Moto ungeunganisha nini na nini?
Wiki nzima tumegombania kufuli,
ukuta haupo.

Basi grainda. Siku tatu tunakata
mpaka chuma king'ae kijivu, chuma kweli,
ndipo Anselmo akapima bamba jipya kwa katoni ya nafaka.
Kizingiti cha kushoto, cha kulia, vikachomelewa,
inchi huku, inchi kule,
na aliyeshika mtungi wa kuzimia moto alikuwa Shekue,
amefumba jicho moja, hasemi.
Mbele tukaweka chuma chake chekundu, cha boliti,
kwa kuwa giaboksi ya gari hili, namjua, itashuka tu siku moja,
na sitaki kumwita padri kwa ajili ya klachi.
Boliti nane zilitumika.
Kumi zimo kwenye kopo la kahawa, dirishani.

Sijui kama niliamua, au kutu iliniamulia.

Jioni tukapandisha jeki, pembe ileile.
Nikauvuta mlango kwa kidole kimoja.
Ukafunguka.
Shekue akaufunga, akaufungua, akaufunga,
mara tatu,
kama mtu anayehesabu chenji mbele ya muuzaji.