Karani wa Mizani

Miaka ishirini na sita baba alipima malori Malaba:
saruji, kahawa ya mlimani, vyuma visivyo na mwenyewe.
Dereva akitaja tani zake, baba hakutazama mshale.
Alitazama matairi kwanza.
"Huyu anadanganya," alikuwa akisema. "Magurudumu yanalia."

Siku hizi, kabla jogoo wa kina Owor hajamaliza,
anapanda mizani ndogo tuliyoinunua kwa mbuzi mmoja,
nami nimeshika daftari na kalamu ya Bic.
Sabini na mbili na nusu. Jana ilikuwa sabini na mbili.
Ananihoji kama afisa wa ushuru:
"Athieno, hii nusu imetoka wapi?"
Ni uji, baba.
"Uji gani huo? Hayo ni maji yanavuka mpaka bila kibali."

Mwaka ule wa kuvimba hatukujua kupima.
Kulikuwa na kidonge cha sukari alichouziwa dukani,
na sukari ikashuka kweli, tukashukuru,
huku viatu vikimkataa kimoja baada ya kingine.
Alilala ameketi, mito mitatu mgongoni,
akivuta pumzi kama mtu anayechota kisima cha mbali.
Nilimbonyeza muundi. Kidole changu kikaacha shimo,
nikahesabu hadi ishirini na moja
ndipo shimo likakumbuka kuwa ni mguu.

Daktari Nambozo alimwaga mfuko wa dawa mezani,
akavichambua vidonge kwa ncha ya kalamu
kama anayetoa mawe kwenye maharagwe.
Kimoja akakisukuma pembeni.
"Hiki kinashusha sukari, lakini kinashikilia maji.
Kwa moyo uliochoka ni mgeni
anayekuja na ukoo wake wote."

Tukarudi Tororo na vingine.
Cha maji, kinachomkimbiza chooni mara nne kabla ya chai.
Cha kulegeza mishipa, kilichomletea kikohozi kikavu
mpaka wakambadilishia.
Na kile kidogo cheupe cha kuupunguzia moyo mbio
(baba anasema hata moyo una haki ya kutembea).
Hicho nilionywa juu yake:
sukari ikianguka mno, kitaificha mitetemo,
mikono itatulia tuli kama ya mtu mzima wa afya.
Jasho tu ndilo halifichiki.
Basi usiku naingia peku, namgusa kisogo,
kikavu, narudi kulala,
kimelowa, nakimbilia kopo la sukari
iliyokatazwa nyumba nzima isipokuwa saa hiyo.

Cha mwisho ndicho ghali.
Kinaitoa sukari kwa mkojo, na moyo nao unapata nafuu;
sielewi vizuri, lakini daftari linaelewa.
Obbo hutuma pesa kutoka Jinja.
Mwezi ambao kiwanda hakikuwalipa
unaonekana kwenye ukurasa wa kumi na nne,
namba zikipanda ngazi moja moja,
na hakuna aliyemlaumu Obbo kwa sauti.

Jumapili alirudi matangani Nagongera.
Jumatatu akapanda mizani: sabini na mbili, juu ya alama.
Nilikwisha inama kuandika
nilipouona mkono wake umeegemea ukuta,
na kisigino kimoja kikielea,
ule ujanja wa madereva wa zamani,
gurudumu moja nje ya chuma.

Sikutazama mshale. Nilitazama vifundo vya miguu.
"Baba," nikasema, "magurudumu yanalia."

Alicheka mpaka akashika kifua, nami nikaogopa,
akacheka tena taratibu, kwa kipimo.
Kisha akauachia ukuta, akakanyaga kwa miguu yote miwili.
Mshale ukasogea ulikotaka.

"Sabini na nne," akasema. "Andika.
Na yule samaki wa chumvi, mwandike pia."