Toleo Jipya

Usiku wa Jumatano niliiacha ikijisasisha.
Nkwabi, kijana wa kuuza flashi, alinionya: dada Limi,
mfumo huu wa zamani hauna ulinzi tena,
ni sawa na kulala mlango wazi hapa Kirumba.
Nikanunua bando la usiku, nikashusha shata,
nikaiacha gizani peke yake, asilimia sita.

Vile vidudu vya ziwani, vinavyoinuka majini kama moshi,
viliuona mwanga wake, vikapenya chini ya mlango.
Asubuhi nilivikuta vimelala mezani, lundo,
nikavikung'uta kwenye kibodi kwa brashi ya viatu,
na kioo kikisema bila haya:
Hujambo.
Tunakuandalia mambo mazuri.

Mazuri yenyewe:
printa haiijui kompyuta, kompyuta haiijui printa,
na jana tu walikuwa mtu na mdogo wake.
Saa inasoma Nairobi; Mwanza hatumo kwenye orodha.
Kitufe cha kuanzia kimetoka pembeni, kimehamia katikati,
kama mgeni uliyempa kigoda akakalia kitanda.
Ninaandika Nansio, ninapigiwa mstari mwekundu.
Ninaandika Masalu, nyekundu:
je, ulimaanisha Masala?
Halafu inataka nithibitishe mimi ni nani.
Mimi!
Miaka saba ninaifuta vumbi kwa upindo wa khanga yangu,
leo inadai nenosiri.

Foleni ikafika hadi kwa fundi cherehani.
Mwenye shehena ya dagaa, gari linanguruma Mwaloni,
anataka stakabadhi sasa hivi.
Mwalimu wa Igombe na barua yake ya uhamisho, ya tatu.
Mama Kang'wa na daftari la kikoba:
nani kalipa, nani kajificha.
Nikawaandikia kwa mkono. Wakacheka hati yangu,
imepinda kama njia ya kupanda Mabatini.

Hayo tutayazoea. Kiatu kipya huchubua, kisha huacha.
Lililonikaa kooni ni ule ukimya wa kuwaka.

Zamani ukibonyeza, kabla picha haijaja,
Sayi alikuwa akisema, "Mwangaluka!"
Kaka yangu. Alijirekodi siku ya mvua
kwa maikrofoni aliyoazima kwa wanakwaya,
akaipachika palipokuwa na kile kinanda cha kiwandani,
akajicheka wiki nzima.
Sayi hayupo tangu masika ya mwaka juzi.
Msibani nililia, arobaini nililia,
lakini asubuhi, dukani, sikulia kamwe:
niliitikia tu, "mhola," nikabandika chai.

Nkwabi akasema, ya zamani haifutwi mara moja,
inawekwa kwenye folda, siku kumi, kisha inatupwa.
Nikahesabu kwa vidole.
Ilikuwa siku ya tisa.

Nikaingia humo kama anayefungua sanduku la marehemu:
mialiko ya harusi za watu walioshaachana,
risiti za samaki walioliwa zamani,
picha za pasipoti za watoto ambao sasa wana ndevu.
Chini kabisa, faili dogo, limeandikwa sauti2.
Nikabonyeza.
Kwanza mvua juu ya bati.
Mtu mbali anataja bei ya sato.
Kikohozi. Kisha yeye.

Kwenye benchi Mama Kang'wa hakuinua kichwa,
aliendelea kulowesha kidole na kuhesabu noti.
"Mhola," akaitikia.
"Na mbona siku hizi mnachelewa kufungua?"

Sikuwa na jibu. Nikavuta daftari lake la kikoba,
nikaandika jina lake. Mstari mwekundu ukaja.
Nikachagua: ongeza kwenye kamusi.
Kisha, na hakuna mteja aliyekuwa ameniomba,
nikaandika Sayi.