Nusu Robota

Daftari ni la shule. Nyuma lina jedwali la kuzidisha.
Eliamani aliliacha na kurasa kumi na nne tupu,
nikazijaza nyasi.

Julai, Kahe. Eneo la kukata: elfu sitini.
Wakataji wawili, mia tano kila robota.
Kamba ya katani, shilingi mia.
Kenta ya kupandisha mpaka Uru, elfu tisini,
na dereva kanuna tangu Rau.
Sanduku la kufungia sikuliandika:
baba mkwe alilichonga kwa mbao za kitanda kilichovunjika,
nasi hupokezana kusimama ndani yake, tukikanyaga.

Marobota mia moja na kumi na mawili.
Nikagawanya. Kila moja elfu moja mia tisa thelathini na tisa,
na senti ambazo sarafu yake sikumbuki uso.

Turubai halijafunguliwa, akaja mtu wa Machame kwa pikipiki:
"Mama, elfu tatu tatu, nabeba yote leo."
Aminiel akanitazama.
Ada ilikuwa imekaa katikati yetu
kama mgeni asiyejua kuaga.
Nikasema hapana. Nikasema mwezi wa pili.
Ada nikaikopa kikoba (riba imo ukurasa wa tisa),
na usiku ule mume wangu alizungumza na ukuta.

Nani alisema kutunza ni kukaa?
Magogo chini, unyevu usipande.
Nafasi ya kiganja ukutani, hewa ipite.
Wiki nzima natia mkono kwenye moyo wa robota,
kama unavyompapasa mtoto shingoni.
Moja lilikuwa na homa.
Tulilipasua uani saa tano za usiku, likafuka mvuke,
harufu ya tumbaku na mkate,
nami nikaliwaza dari, na ng'ombe chini yake,
na moto usiodai kiberiti.

Ng'ombe wetu anaitwa Kodi.
Hukusanya kila asubuhi, hatoi risiti.
Nusu robota yeye, robo mtamba wake,
siku tisini za vumbi mpaka mvua:
sitini na saba na nusu.
Tisa yalioza pembeni, chini ya tundu la msumari
nililoliona Agosti nikasema kesho.

Februari akaja Ndeanka, akasimama ukingoni mwa kihamba.
Hakutaja majani. Aliuliza hali ya goti langu.
Ng'ombe wake nilikuwa nimemwona kanisani njiani:
mbavu unazihesabu bila kusimama.
Bei siku ile ilikuwa elfu saba.
Nilifungua mdomo kuitaja, kikatoka:
"Chukua manne."

Thelathini nikauza. Laki mbili na elfu kumi.

Aminiel anavuta daftari karibu na taa, anatoa, anarudia.
"Hasara," anasema. "Elfu saba na mia mbili.
Julai tungekuwa na faida mkononi."
Kweli. Na Januari tungenunua sitini na saba na nusu
kwa bei ya yule mwenye pikipiki,
au tungemuuza Kodi mwenyewe, mifupa kwa kilo.
Lita tano kila siku zilikwenda kituoni kiangazi chote.
Ziko daftari jingine. Lile la maziwa
huwa halisomi.

Mei, Ndeanka alileta mzigo wa majani mabichi, umechelewa,
na juu ya mzigo kafunga jani la isale.
Sikuwa na safu ya kuliandika.
Nimelibana kati ya kurasa, linakauka taratibu
bila kamba, bila kenta.

Hesabu bado haifungi vizuri. Toa lenye homa,
toa yaliyooza, yaliyoliwa, yaliyouzwa, yale manne:
linabaki nusu robota.
Nimelikalia sasa, nikiandika haya.
Kodi ananitazama.