Zamu ya Steinar

Mwezi wa tano, huku kaskazini ya Aislandi,
usiku hauna giza la kusingiziwa.
Jua huzama kidogo tu, kama mtu anayeinama kufunga kamba za viatu,
kisha linainuka tena juu ya mlima.
Kondoo mia mbili na kumi wanazaa wote kwa majuma matatu,
na sisi tu watano, pamoja na mama mkwe asiyeona vizuri.

Basi Steinar, miaka kumi na minne,
mvulana anayepoteza glavu moja kila wiki
na kuniuliza mimi iko wapi,
tukampa zamu: saa saba ya usiku hadi kumi na moja.
"Kazi yako ni macho," nilimwambia.
"Mwanakondoo akitoka, mfute pua. Mengine niite."
Akaitikia ile "ndiyo" ya vijana,
inayotokea puani,
bila kubandua macho kwenye simu.

Nilishuka zizini saa kumi na nusu.
Steinar amelala juu ya marobota ya majani makavu,
mdomo wazi, simu kifuani
ikionyesha mtu anayecheka.
Na pembeni, Mosa, yule mwenye uso mweusi,
alikuwa akilamba kitu kisichomjibu.

Mwanakondoo mzima, kwato bado laini kama jibini.
Ila puani palikuwa na utando, mwembamba
kama karatasi ya peremende.
Kidole kimoja kingetosha.

Sikupiga kelele. Natamani niseme ilikuwa hekima;
ukweli, nilichoka hata sauti sikuwa nayo.
Nilimtikisa bega. Akaona. Akaanza, "Mama, nilifumba macho kidogo tu..."
sentensi ikamfia mdomoni,
maana Mosa aliinua kichwa akamtazama
kama anayemuuliza mkunga.

Nikamkabidhi kisu.

Ng'ambo ya zizi palikuwa na yatima wa hesabu:
mapacha watatu, chuchu mbili.
"Mchune huyu," nikasema. "Ngozi yake itakuwa koti la yule.
Mosa hasomi sura. Anasoma harufu."
Alikata mguuni, akasita, akatapika kwenye ndoo,
akafuta mdomo kwa mkono wa sweta aliyofumiwa na bibi yake,
akarudi.
Mikono yangu niliificha mifukoni
ili isimwonee huruma.

Ngozi ilikuwa bado vuguvugu. Akapitisha miguu minne
katika matundu manne, taratibu,
kama nilivyokuwa nikimvalisha yeye asubuhi za chekechea,
akamsukuma yule mdogo chini ya kiwele.
Mosa akanusa mkia.
Akanusa tena.
Akapiga kwato chini, Steinar akazuia pumzi,
kisha ikatoka ile sauti ya kooni
ambayo kondoo huwapa wanawe tu.
Maziwa ya dang'a yakashuka. Mkia ukatikisika.

Baadaye nilifungua daftari la uzazi.
Namba ya mama, saa, uzito, na safu ya mwisho:
sababu ya kifo.
Hapo watu wa nyumba hii, tangu babu Bardi,
huandika baridi, au mbweha, au Mungu anajua.
Kwa penseli, herufi zikiegemeana kama walevi:
*Mimi nililala.*

Msidhani amekuwa malaika.
Glavu bado hupotea. Sahani zake
huota ukungu chini ya kitanda.
Ila saa saba kasoro dakika kumi
nasikia ngazi zikilia polepole, chini ya mtu
asiyetaka kuwaamsha waliochoka.

Jana tulimvua mdogo lile koti; lilianza kunuka,
na sasa ana harufu yake mwenyewe.
Steinar akaenda kulizika nyuma ya ghala.
Ardhi bado ina barafu shubiri moja chini;
alichimba saa nzima.
Nilimwona dirishani. Nilitaka kumwambia
kwamba sisi, zamani, tulikuwa tunazitupa tu.
Nikarudisha supu yake jikoni, nikaifunika.