Kichwa cha Gololi

Kimekuja na basi la usiku kutoka Tunduma
ndani ya boksi la viatu vya mtoto,
kimeviringishwa gazeti na soksi moja.
Lugano, mtoto wa kaka yangu, ameandika juu ya kifuniko:
"Shangazi, tupa ile miguu. Nitakutafutia mingine."

Sikuitupa.
Niliinunua Vwawa kwa mzee mmoja
aliyechoka na picha za paspoti akaenda kufuga nyuki.
Mpaka leo ina harufu ya nta.
Mguu mmoja umevaa katambuga,
kipande cha tairi la lori nilichokikata kwa kisu cha jikoni.
Wa pili huteleza, hudai karatasi iliyokunjwa.
Wa tatu hauna kasoro,
ndiyo maana sijawahi kuujua vizuri.

Kazi ilikuwa kukitoa kichwa cha zamani.
Kiligoma.
Miaka ishirini na miwili ya ukungu wa Tukuyu
ilikuwa imeshona chuma kwa chuma.
Nikakinywesha mafuta ya taa, nikakiacha kilale.
Asubuhi nikakivika taulo, nikakinyonga
(samahani, sina neno jingine),
kikalia kama geti la misheni,
kikatoka na unga wa kutu shingoni.

Halafu wageni wakakataana.
Skrubu ya miguu nyembamba, robo inchi;
tundu la kichwa pana, linataka tatu ya nane.
Kikakaa pale juu kikicheza
kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.
Nilijaribu uzi.
Nilijaribu utepe wa mafundi bomba.
Nilijaribu hasira.

Fundi Ambakisye wa Mwanjelwa hapendi maneno mengi.
Alitia kidole tunduni, akatazama ukuta:
"Hawa hawajagombana. Hawajatambulishwa tu."
Akaokota koki mbovu ya bomba, shaba tupu,
akaifunga kwenye kerezo.
Nyuzi za manjano zikajisokota, zikamwagika juu ya viatu vyake,
na bushi ikatoka, ndogo kama pete ya kidole cha mwisho,
hesi ndani, hesi nje.
Tuliikaza kwa sarafu ya mia mbili.
Elfu nne, na andazi langu akala yeye.

Kichwa cha zamani kilijua mambo mawili,
kushoto na kulia, juu na chini.
Basi nami nilipiga watu wima.
Maharusi wima, wachungaji wima,
watoto wa kipaimara wima
kama nguzo za umeme zinazotoka Mafinga.
Aliyepinda nilimwambia: nyoosha shingo.

Hiki kipya kina gololi nyeusi tumboni.
Ukilegeza skrubu moja ya ubavuni
huanguka popote, bila kuuliza.
Mara ya kwanza kamera ililala kifudifudi ghafla,
moyo wangu nao ukaifuata.

Jumapili nikaibeba hadi Katumba, kwa Bi Sekela,
ambaye chai aliichuma mpaka mgongo ukakataa kurudi.
Mara tatu alikuwa amenifukuza uwanjani pake,
kwa sababu mara tatu nilimwambia: nyoosha shingo, mama.
Safari hii sikusema kitu.
Nikatandaza miguu kwenye mteremko,
katambuga upande wa chini, karatasi upande wa juu.
Kiputo cha pima-maji kilishakauka zamani,
nikapima kwa jicho.
Nikalegeza. Nikaiinamisha kamera polepole,
polepole,
mpaka yeye akawa wima
na Mlima Rungwe ukapinda nyuma yake.
Nikakaza.

Alikitazama kile kioo kidogo kwa muda mrefu,
kanga imeziba mdomo.
Kisha akauliza
mlima umepatwa na nini.

Lugano nimemjibu kwamba miguu ipo.
Kichwa cha zamani nacho kipo,
kinazuia mlango wa studio usipigwe na upepo,
na kazi hiyo anaifanya vizuri mtu
anayejua mambo mawili tu.