Konsuli wa Heshima, Kamalondo

Juu ya duka la rangi Mukalayi ana ofisi:
kiti kimoja, muhuri, bendera ya kisiwa
ambacho hajakikanyaga.
Mkewe huifua Jumamosi, huianika ndani,
vumbi la mashini lisiigeuze kahawia.

Mshahara hana. Kila Krismasi huja kopo la kungumanga
na barua: Mheshimiwa, bado tupo.

Mwaka ule kimbunga kilipong'oa mapaa yao
aliandika rambirambi kwa mkono, rasimu tatu,
akapitisha kofia kwa majirani.
Zikapatikana franka za bati moja.
Akazituma.

Likaja jibu, limepigwa lakiri:
Serikali yashukuru. Bati limewekwa
Wizara ya Mambo ya Nje,
upande wa dirisha linalotazama kwenu.

"Kwetu wapi?" akauliza mkewe, sabuni mkononi.
Mukalayi akafungua atlasi, akapima kwa kidole,
akasogeza kiti.